Yai ndani ya kanga: msimu wa kuwinda ndege kusini ufuate kifuku

Desemba moja, miaka kadhaa iliyopita, jirani yetu kijijini, wilaya ya Nachingwea, alituletea kanga wawili. Walikuwa wamenona, manyoya yao ya madoadoa yamelowa umande. Bibi alichemsha maji, akawanyonyoa, akamlaza wa kwanza ubaoni na kumpasua. Akatoa yai zima lenye ganda gumu. Nyuma ya yai lile vilikuwapo viini vya njano vilivyopangana kama shanga, kikubwa kikifuatiwa na kidogo, vya mwisho vikilingana na punje ya mtama. Bibi akaliweka yai kwenye ungo, akanawa mikono, akasema, "Huyu kesho alikuwa anataga." Kisha akaendelea na kazi. Tulimla, maana kwetu kitoweo hakitupwi, lakini lile yai lilikaa kwenye ungo siku tatu bila mtu kuligusa.

Jirani yetu hakuwa jangili. Bunduki yake ilisajiliwa, leseni alikuwa nayo mfukoni, na tarehe ilikuwa bado ndani ya msimu. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Mtu ametii sheria kwa kila kipengele, na bado risasi yake imeondoka na kanga mmoja pamoja na vifaranga wote ambao wangekuwa wanamfuata mama yao mwezi Januari. Sitaki kumlaumu. Lawama yangu naielekeza kwenye kalenda.

Kwa miaka mingi msimu wa uwindaji Tanzania umekuwa ukifunguliwa Julai 1 na kufungwa Desemba 31. Kanuni zimerekebishwa mara kadhaa, hasa upande wa uwindaji wa kitalii, lakini wazo lililo chini yake ni la zamani: kiangazi ni cha kuwinda, mvua ni za kuzaa. Kwa nyati na pofu wazo hilo linatosha, na hata hivyo mvua zikishakolea magari hayapiti tena kwenye njia za porini. Kwa ndege wa Lindi na Mtwara linaanza vizuri na kuishia vibaya.

Sisi huku hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga au Moshi. Tuna kifuku kimoja. Mvua za kwanza hudondoka mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, udongo unalainika, na kuanzia hapo mpaka Aprili, au Mei ikichelewa, watu wako shambani. Kanga naye anaisubiri mvua hiyohiyo. Kiangazi chote anatembea na kundi, ishirini, thelathini, wamefuatana mstari mmoja kwenda majini kama watoto wa shule. Mvua ya kwanza ikishanyesha kundi linavunjika. Madume yanafukuzana, wanajitenga wawili wawili, jike anatafuta majani marefu au kichaka, anaparua kijishimo na kuanza kutaga. Mayai huwa 6 hadi 12, mara nyingine yakazidi hapo kwa kuwa majike wawili huweza kutaga kiota kimoja. Kuatamia kunachukua siku 26 hadi 28. Kwa hiyo kanga aliyeanza kutaga wiki ya pili ya Desemba, mwaka mpya unamkuta yuko kiotani, na wiki ile ya mwisho ya msimu ndiyo wiki mbaya kuliko zote kumwua.

Kuna hoja moja ambayo wawindaji wazoefu huitoa, na inastahili jibu. Wanasema ndege wengi hufa wenyewe porini, kwa njaa, kwa mwewe, kwa paka pori, kwa moto. Sasa nikichukua wawili nimepunguza nini? Mwanasayansi wa Marekani, Paul Errington, aliichunguza hoja hiyo kwa miaka mingi kuanzia karibu miaka ya 1930, akiwafuatilia kware wa porini wa majimbo ya Wisconsin na Iowa katika majira ya baridi. Aliona kwamba kila eneo lina kiasi chake cha chakula na maficho, na ndege wanaozidi kiasi hicho hufa kipindi kigumu kikiwadia, bunduki ziwepo zisiwepo. Wawindaji wengi duniani wameishika nusu hiyo ya habari na kuiacha nusu nyingine. Ziada ipo mwanzoni mwa kipindi kigumu. Kipindi hicho kikikaribia kwisha, ziada imeshakufa, na aliyesalia ndiye mzazi.

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Kipindi kigumu cha ndege wetu si baridi, ni kiangazi, hasa Agosti hadi Novemba, wakati madimbwi yanakauka, moto unapita msituni na nyasi zote za kujificha zinabaki majivu. Kanga mdogo anayeuawa Agosti yumkini asingefika Novemba. Kanga anayeuawa Desemba ameshayavuka yote: kiu ya Oktoba, moto, mwewe, mitego. Amebakiza kazi moja tu, kutaga. Ndege hawa wawili wanahesabiwa sawa kwenye leseni, kanga mmoja na kanga mmoja, na wana uzito sawa kwenye sufuria, lakini hawalingani kabisa kwa maana ya mwaka unaofuata.

Ndiyo sababu naona msimu wa kanga na kwale katika mikoa hii miwili ungefunguliwa Agosti 1 na kufungwa Oktoba 31. Kwa nini si Julai? Kwa sababu vifaranga wa mwisho, wale walioanguliwa Aprili na Mei baada ya kiota cha kwanza kuliwa na nguchiro au kenge, Julai bado ni wadogo na bado wanamtegemea mama awaonyeshe maji. Na kwa nini si Novemba? Kwa sababu hakuna anayeijua tarehe ya mvua. Miaka mingine Novemba inaisha kukiwa bado ni vumbi tupu, mingine Novemba 20 mashamba yameshalowa. Ukifunga Oktoba unakuwa umefunga kabla ya mvua ya mwaka wowote ule.

Nachingwea ina kumbukumbu yake ya mpango uliochorwa mbali na mvua ya mahali. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, wakafyeka mapori makubwa hapa, Kongwa na Urambo, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuisafirishia karanga hiyo, na mwaka 1951 wakauacha kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Makosa yalikuwa mengi, na mojawapo ni kwamba waliamua kwanza, ndipo wakaja kuutazama udongo na mvua. Kalenda moja ya uwindaji kwa nchi yenye mvua za namna mbili inatokana na tabia ileile ya kuamua kwanza.

Tarehe ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni idadi, na hapo ndipo naona tunakosea zaidi.

Leseni huandikwa kwa mtu. Inasema mwindaji huyu aruhusiwe ndege kadhaa. Lakini kanga haishi kwa mtu mmoja mmoja, anaishi kwa kundi, na kundi lina mti wake wa kulala, lina njia yake ya majini, lina mashamba yake. Chukua mfano wa kundi la kanga 25 linalokunywa kwenye dimbwi moja. Wakija wawindaji 5, kila mmoja ameruhusiwa 5, na kila mmoja akatimiza haki yake, kundi limekwisha. Hakuna aliyezidisha. Askari wa wanyamapori akiwakagua njiani atawakuta wote wako sawa, atawaaga vizuri, na dimbwi lile halitasikia tena sauti ya kanga kwa miaka.

Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Watu huutumia msemo huo kwa mambo ya ndoa na uhamiaji, lakini aliyeutunga alikuwa anamjua ndege huyu. Kanga ni mwenyeji. Hasafiri kama korongo. Kundi likifutika bondeni, halitajazwa na kanga wa mkoa mwingine mwaka unaofuata. Litajazwa polepole na majirani wa karibu, kama majirani wapo na kama kati yao na bonde lile hapajageuka mashamba matupu. Kwa hiyo idadi ya kuwinda haina budi kuwekwa kwa bonde, kwa dimbwi, kwa kitongoji. Mwindaji abaki na kikomo chake, lakini juu ya kikomo hicho pawe na kikomo cha kundi: mkishachukua kiasi hiki hapa, hapa pamefungwa mpaka mwakani, hata kama mfukoni una leseni yenye nafasi.

Ningeongeza sharti moja kuhusu maji. Septemba na Oktoba, maji yakibaki sehemu mbili tatu katika kata nzima, kuvizia dimbwini si uwindaji tena. Ndege hana pa kwenda kwingine. Vivyo hivyo kwenye mti wa kulala: mtu mwenye tochi na manati anaweza kuangusha kundi zima usiku mmoja, mmoja mmoja kama anachuma maembe, maana kanga aliyemulikwa hujikunyata tu kwenye tawi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 imeshakataza kuwinda kwa taa, kwa sumu na kwa mitego bila idhini. Makatazo hayo yapo kwenye karatasi. Kijijini vijana wengi hawajawahi kuambiwa.

Tena si kila ndege ni kanga, na hapa kalenda moja inazidi kuonekana ilivyo butu. Njiwa, tetere na pugi hutaga mayai 2 tu kwa mkupuo, lakini huzaa mara kadhaa kwa mwaka, na wengi wao wamenufaika na mashamba yetu ya ufuta na mtama. Hao wanaweza kubeba uwindaji wa kiasi fulani kwa muda mrefu zaidi. Ninga, yule njiwa wa kijani, hutaga yai 1 au 2 na maisha yake yanategemea mikuyu na miti mingine ya matunda. Mtu akiujua mkuyu ulioiva anaweza kuwamaliza wa eneo zima chini ya mti mmoja. Tombo, ambaye siku hizi wengi humwita kware kwa sababu ya wale wa kufugwa, ni mgeni wa mvua. Anakuja nyasi zikishaota, anataga, anaondoka. Ukimpangia msimu wa Julai hadi Desemba unakuwa umempa msimu wakati hayupo, na siku chache anazokuwapo ndizo siku anazotaga. Kwake mimi sioni msimu wa haki unaowezekana hapa kusini, na ningemwacha.

Kororo nitamsemea kwa sauti ya juu kidogo. Ni kanga mwenye kishungi cha manyoya meusi kichwani, anayekaa kwenye vichaka vizito na misitu ya pwani, Rondo, Litipo, na mabaki ya vichaka vya uwanda wa Makonde. Hufuata nyani na tumbili chini ya miti akiokota matunda wanayoyadondosha. Msitu ukikatwa hana mahali pa kuhamia, kwa sababu hatembei mashambani kama ndugu yake. Misitu hiyo imebaki vipande vipande, na kila kipande kina kororo wake waliozungukwa na mashamba. Kikomo chake kiwe sifuri, leo, katika mikoa yote miwili, na atakayetaka kukibadili alete hesabu kwanza.

Bata wa mwituni nao wana siri ambayo wavuvi wa Ziwa Rutamba na Ziwa Kitere wanaijua vizuri. Kuna wiki kadhaa kila mwaka ambapo bata na mabata bukini hupukutisha manyoya yote marefu ya mabawa kwa wakati mmoja, wakawa hawawezi kuruka. Wakati huo mtu mwenye mtumbwi na fimbo anaweza kuwakusanya kama kuku. Haihitaji bunduki, haihitaji leseni, na hakuna kalenda inayowataja. Tanzania imo kwenye mkataba wa kuwalinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, uliokubaliwa The Hague mwaka 1995, na mkataba huo unataka uwindaji uongozwe na hesabu. Kumpiga fimbo ndege asiyeweza kuruka hakuongozwi na chochote.

Sasa nije kwenye neno haki, maana msimu unaweza kuwa mzuri kwa ndege na bado ukawa wa dhuluma kwa watu.

Anayepata leseni leo ni yule mwenye bunduki halali, nauli ya kufika wilayani, na uvumilivu wa kufuatilia karatasi. Mzee wa Liwale, Mngindo aliyerithi ujuzi wa pori kutoka kwa babu na babu wa babu, ana mtego wa kamba na kijana wa kumsaidia. Kwenye macho ya sheria yeye ni mhalifu kila siku ya mwaka, Julai na Desemba sawasawa. Mtu ambaye ni mhalifu siku zote hana sababu ya kuheshimu tarehe. Ukimwambia usitege Desemba kwa kuwa kanga wanataga, atakujibu kwamba hata Agosti alikatazwa, basi tofauti iko wapi? Na atakuwa amekushinda kwa hoja. Wakati huohuo anamwona mgeni akipita na gari kwenda kwenye kitalu cha uwindaji, na anajua kwamba huko ndege wanapigwa kihalali.

Nataka leseni ya kijiji. Kijiji kipewe mgawo wake wa kanga na kwale kwa miezi mitatu, kiugawe chenyewe kwa kaya zinazotaka, kwa ada ndogo inayolingana na bei ya kuku, na aina ya mtego unaoruhusiwa iandikwe: ule unaomshika ndege mmoja na kuachia jike ikibidi, si wavu wa kuzoa kundi. Mfumo wa kulibeba jambo hili upo. Tangu 2002 kuna kanuni za Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, na Liwale ina jumuiya yake ya MAGINGO pembezoni mwa Selous. Mazungumzo ya jumuiya hizi mara nyingi huwa ya tembo na simba, na naelewa kwa nini. Lakini kaya ya kawaida haitakula tembo. Itakula kanga.

Na ile nyama ikae nyumbani. Hapa najua nitakosana na baadhi ya watu. Mama anayeuza kanga mmoja apate chumvi na daftari la mtoto simlaumu, ila mwenye bodaboda anayepita vijijini akikusanya thelathini, arobaini, kuwapeleka mjini, huyo ndiye anayevunja kila hesabu niliyoieleza. Tumbo la kaya lina mwisho. Soko halina. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na njiwa wa kuhama waliokadiriwa kwa mabilioni, makundi yaliyofunika jua kwa saa nyingi. Reli na telegrafu zikawaunganisha wawindaji wa biashara na masoko ya mijini, viota vikavamiwa wakati wa kutaga, na Septemba 1, 1914 njiwa wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, akafia kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati. Nchi ile iliwahi kubadili njia kwa ndege wengine. Sheria ya 1900 ilizuia kusafirisha toka jimbo hadi jimbo ndege waliowindwa kinyume cha sheria, na ya 1918 ikapiga marufuku biashara ya ndege wanaohama. Uwindaji wa kitoweo na wa burudani uliendelea mpaka leo, na idadi za kila siku zinapangwa kila mwaka kwa kuangalia hesabu za mwaka huo. Kilichokatwa ni biashara.

Mkulima naye ana kesi yake. Desemba na Januari, wakati uleule ninaotaka kanga aachwe, ndipo anapofukua mbegu za mahindi na karanga zilizopandwa jana. Siwezi kumwambia mkulima aangalie mbegu zake zikiliwa kwa ajili ya mayai. Kazi ya kuamia na kuwinga ndege tumeifanya wote utotoni, na mbegu ikishachipua na kukomaa kidogo kanga huwa ameachana nayo; hatari ni ya siku kama kumi hivi. Kwa siku hizo kumi kijiji kiwe na utaratibu wa zamu za kuwinga, na mwenye shamba lililoshambuliwa kweli awe na mahali pa kwenda kuomba ruhusa papo hapo kwa mtendaji, bila safari ya wilayani. Kanga huyohuyo ndiye anayekula panzi na kupe na mbegu za magugu miezi mingine yote.

Wapo watakaosema watu wa kusini hawawezi kujifungia kitu wenyewe, kwamba ukikifungua kijijini kitamalizwa. Nawaomba waende Kilwa. Vijiji vya wavuvi, Songosongo kikiwamo, vimefunga miamba yao ya pweza kwa miezi, vikaweka walinzi, vikafungua siku iliyokubaliwa na kuvuna pweza wakubwa kwa pamoja. Pweza hukua haraka sana, ndiyo maana miezi michache tu inaonekana kwenye mizani. Sheria ya taifa inasema pweza asivuliwe chini ya gramu 500. Wanawake wanaochokoa pweza miambani hawakuihitaji mizani kujua kwamba mdogo wa leo ni mkubwa wa mwezi ujao, walihitaji uhakika kwamba jirani hatamchukua wakimwacha. Kufunga kwa pamoja ndiko kulikowapa uhakika huo. Kanga hakui kwa kasi ya pweza, lakini hofu ya mwindaji ni ileile: nikimwacha, nani atanihakikishia kwamba fulani hatamchukua?

Kufunga kunaweza pia kuwa kwa muda. Ufaransa, Hispania na Ureno zilisimamisha kuwinda hua wa Ulaya mwaka 2021, ndege ambaye kila mwaka huja kupitisha baridi huku Afrika, maeneo ya Saheli. Baada ya misimu michache hesabu zikaonyesha wa upande wa magharibi wameanza kuongezeka, na hapo ndipo mazungumzo ya kufungua tena kwa mgawo mdogo yakaanza. Wawindaji walilalamika sana mwanzoni. Waliweza kuvumilia kwa kuwa waliambiwa nini kitahesabiwa na lini.

Kuhesabu ndiko kunakoogopwa, kana kwamba kunahitaji ndege ya kuruka na shahada tatu. Kwa kanga kunahitaji daftari, penseli na watu wawili wanaoweza kukaa kimya. Mwisho wa Julai, kabla msimu haujafunguliwa, mnakaa mbali kidogo na dimbwi tangu saa kumi na mbili asubuhi, upande upepo unakotoka kwa ndege kuja kwenu. Wakija mnahesabu wote, kisha mnahesabu wadogo. Mdogo wa mwaka huo hajifichi kwa mtu aliyezoea: pembe ya kichwani bado ni kijinundu, shingo bado ina manyoya ya hudhurungi, na ngozi ya buluu ya usoni haijakolea. Kwa kwale dume mnaangalia kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, uliochongoka kwa mkubwa na mfupi butu kwa mdogo. Wadogo wakiwa wengi kuliko wakubwa, kifuku kilikuwa chema na kuna cha kuchukua. Wadogo wakiwa wachache, mvua ziliharibu viota au mtu aliviharibu, na mwaka huo mgawo unapunguzwa au unafungwa. Marekani wawindaji hutuma bawa la ndege waliyempiga kwa posta, wataalamu wakalisoma umri wake. Sisi tungeanza na vichwa vinavyoletwa kwa mtendaji na kuandikwa kwenye daftari, kama korosho zinavyopimwa na kuandikwa ghalani. Mkoa ambao umejifunza kufuatilia kila gunia la korosho tangu stakabadhi ghalani ianze 2007 hauwezi kushindwa na vichwa vya kanga.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikwenda na mjomba, kaka wa mama, kwenye dimbwi la chini ya shamba letu la zamani. Yeye ndiye aliyenifundisha kutembea porini, na katika ukoo wetu akisema jambo halirudiwi. Tulikaa nyuma ya kichuguu, tukanyamaza. Jua lilipopanda kimo cha mti wakaja, mstari mmoja, dume mbele. Tulihesabu mara mbili kila mtu peke yake, tukalinganisha: thelathini na mmoja, na kati yao wadogo kumi na tisa.

"Mjomba," nikamwuliza, "kama ungeambiwa wewe ndiye unayegawa, ungechukua wangapi hapa?"

Alikaa akiwatazama mpaka wa mwisho alipomaliza kunywa na kuingia majanini.

"Wanne," akasema. "Na wote wadogo. Yule wa mbele usimguse, ndiye anayeyajua maji ya Oktoba."